Garanti ya Gari la Umeme: Ni Sharti la Mauzo au Ni Bima?



Mwezi wa Shaabani uliopita ami yangu alinipigia simu kutoka Biryogo saa ya adhuhuri, nikiwa ndiyo natoka maabara. Ami ni dereva wa teksi. Baada ya miaka kumi na moja ya gari la petroli, alikuwa ameamua kununua gari la umeme: la Kichina, lililotumika miaka mitatu, lenye kilomita 46,000. Muuzaji alitaka faranga 17,500,000. Walipokwisha kupatana, akatoa karatasi ya pili: garanti ya ziada ya miaka mitatu, faranga 1,400,000, ilipwe siku hiyo hiyo au nafasi ipotee.

"Wewe ndiye unayesoma," ami akaniambia. "Nilipe, nisilipe? Na je, ni halali?"

Nilimjibu pale pale njiani: "Ami, hiyo ni bima, na bima ni haramu." Jioni, baada ya darsa ya Magharibi, nikamsimulia ustadhi wetu jibu langu, na sikosei nikisema nilitarajia sifa. Aliniuliza swali moja tu: "Karatasi yenyewe umeisoma?" Sikuwa nimeisoma. Nilikuwa nimetoa hukumu juu ya jina.

Niseme wazi jambo moja. Sehemu ya karo yangu hutoka kwenye teksi ya ami, kwa hiyo sikuwa mtu asiye na maslahi. Lakini maslahi hayo ndiyo yaliyonifanya nirudi kusoma vizuri, na haya ndiyo niliyoyapata.

Tulijue gari kwanza

Wanazuoni wa usuli wanatufundisha kwamba kulihukumu jambo ni tawi la kulielewa. Tangu mwaka 2021, serikali ya Rwanda ilipoondoa ushuru wa forodha na kuweka VAT sifuri kwa magari ya umeme, magari haya yameongezeka mitaani mwetu, lakini wengi wetu bado tunayafikiria kama magari ya petroli yasiyo na moshi.

Gari la umeme halina oili ya injini, halina plagi, halina klachi. Breki zake hudumu zaidi, kwa sababu gari linapopunguza kasi mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Anayeteremka kutoka Nyamirambo huona alama ya chaji ikipanda badala ya kushuka. Mengi yaliyokuwa yakimpeleka ami gereji kila mwezi hayapo tena. Vilivyobaki ni vichache, ila kila kimoja ni ghali: betri kubwa iliyo chini ya sakafu, chaja iliyomo ndani ya gari, na inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe umeme unaoweza kuzungusha mota.

Betri hiyo ina njia mbili za kumletea mtu hasara, na ni muhimu kuzitofautisha kwa sababu mikataba huzitofautisha. Njia ya kwanza ni hitilafu: seli moja au kundi la seli linakufa na gari linakataa kwenda. Ya pili ni uchakavu: betri inafanya kazi, lakini kila mwaka inabeba umeme kidogo kuliko mwaka uliotangulia. Joto kali huharakisha uchakavu, na kutumia chaji ya haraka kila siku pia huuharakisha. Hali ya hewa ya Kigali inaisaidia betri. Kazi ya teksi haiisaidii.

Viwanda vingi hutoa garanti ya betri ya miaka 8 au kilomita 160,000, pamoja na ahadi kwamba uwezo wake hautashuka chini ya asilimia 70 katika muda huo. Ukisikia hivyo utauliza, basi ami anahitaji karatasi nyingine ya nini? Tatizo ni kwamba ahadi ya kiwanda mara nyingi hufungwa kwenye nchi ambako gari liliuzwa likiwa jipya. Gari lililoletwa na mfanyabiashara binafsi huvuka mpaka, na ahadi hubaki kule. Ndiyo maana garanti ya ziada ina soko.

Haki isiyonunuliwa

Kabla ya kuuliza kama garanti ni halali, kuna haki ambayo mnunuzi Mwislamu anayo bila kulipa faranga hata moja. Mafakihi wanaiita khiyari ya kasoro. Ukinunua kitu, ukakuta kina kasoro iliyokuwepo kabla ya mauzo, inayopunguza thamani yake na ambayo hukuijua, una haki ya kukirudisha na kupewa pesa zako. Msingi wake ni mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba si halali kwa Mwislamu kumuuzia ndugu yake kitu chenye kasoro bila kumbainishia. Tunakijua pia kisa kilicho katika Sahihi Muslim cha lundo la chakula sokoni: Mtume aliingiza mkono wake ndani yake, akakuta unyevu chini, akamkemea mwenye chakula kwa kuficha sehemu iliyolowa.

Betri ni lundo la chakula la zama zetu. Juu ni kavu, ndani hujui. Tofauti ni kwamba leo mkono wa kuingiza upo: kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kusomwa na programu ya simu, kikakuonyesha afya ya betri kwa asilimia. Mwanafunzi mwenzangu wa uhandisi anacho. Jumamosi tulikwenda naye kwa muuzaji, betri ikasoma asilimia 88, nayo si mbaya. Kisha tukaomba kulipeleka gari kwenye kituo cha chaji ya haraka. Muuzaji akasitasita, na tulipofika tukajua kwa nini: gari lilikubali chaji ya polepole tu, tundu la chaji ya haraka lilikuwa limekufa. Kwa dereva wa teksi hiyo si kasoro ndogo. Saa anazokaa kwenye waya ni saa asizobeba abiria.

Muuzaji akasema, "Ndiyo maana nikamshauri mzee achukue garanti." Ustadhi alipoyasikia hayo baadaye alitikisa kichwa. Kumuuzia mtu dawa ya kasoro uliyomficha ni kumla mara mbili.

Karatasi tatu zenye jina moja

Sasa hukumu yenyewe. Ustadhi alinionyesha kwamba neno garanti linabeba mikataba mitatu tofauti, na kila mmoja una hukumu yake.

Wa kwanza ni muuzaji kujifunga, ndani ya mkataba wa mauzo, kulitengeneza gari kwa muda maalumu. Haya ni mauzo yenye sharti. Hapa madhehebu zimetofautiana tangu zamani. Madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, ni kali: kununua kitambaa kwa sharti kwamba muuzaji akushonee, kwao hakusihi. Wanafunzi wa Abu Hanifa walilikubali sharti ambalo desturi ya watu imeshalizoea, na mfano wao ni wa kununua kiatu kwa sharti kwamba muuzaji akitie kamba. Mahanbali walishika kisa cha Jabir (r.a.), aliyemuuzia Mtume ngamia wake wakiwa safarini, akaweka sharti kwamba ampande mpaka Madina, na Mtume akakubali. Mimi napenda mfano huu kwa sababu nao ni wa chombo cha usafiri kilichotumika. Mwaka 1998, katika kikao chake cha Manama, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa iliyo chini ya OIC iliijadili mikataba ya matengenezo na ikaamua kwamba matengenezo yaliyowekewa muuzaji sharti katika mauzo, kwa muda unaojulikana, yanajuzu, awe anatoa kazi tu au kazi pamoja na vipuri.

Wa pili ni mkataba wa kazi peke yake: unamlipa fundi kiasi maalumu akukagulie na kulihudumia gari kwa mwaka mzima, vipuri ununue mwenyewe. Hii ni ijara. Kikao hicho hicho kiliijuzisha, mradi kazi ijulikane na ujira ujulikane.

Wa tatu ni kampuni nyingine, isiyouza gari wala kutengeneza gari, inayopokea pesa zako leo na kuahidi kulipa gharama ikiwa litatokea jambo ambalo huenda lisitokee. Hapa hatuuzi gari wala kazi. Kinachobadilishana mikono ni pesa kwa pesa ya bahati, na hapo ndipo gharari, ambayo Mtume aliikataza katika hadithi ya Abu Huraira, na kamari, iliyotajwa katika Suratul Maida aya ya 90, zinapoingia. Majmaa iliamua mwaka 1985 mjini Jeddah kwamba bima ya kibiashara yenye malipo ya kudumu ina gharari kubwa inayouharibu mkataba, kwa hiyo ni haramu, na ikaelekeza kwenye bima ya kushirikiana. Uadilifu unataka nitaje kwamba wapo wanazuoni waliohalalisha, akiwamo Sheikh Mustafa az-Zarqa. Jamhuri hawakumfuata.

Mtu atauliza: je, karatasi ya kwanza haina gharari? Hajui muuzaji kama betri itakufa au la. Ipo, lakini ndogo, tena inafuata mauzo ya kweli. Imam Nawawi ametaja kwamba wanazuoni walikubaliana kuruhusu mauzo ya juba lililojazwa pamba ingawa pamba ya ndani haionekani, na kuingia hamamu kwa ujira ingawa watu hutofautiana katika kutumia maji. Gharari ndogo isiyoepukika, iliyo ndani ya kitu cha halali, husamehewa. Ikiwa gharari ndiyo bidhaa yenyewe, haisamehewi.

Turudi kwenye karatasi ya ami

Niliisoma Jumapili, maandishi madogo yote, kurasa nne za Kifaransa. Ilikuwa ya aina ya tatu. Mtoaji alikuwa kampuni nyingine, muuzaji akiwa wakala tu mwenye kamisheni. Ilifidia "hitilafu ya ghafla", kisichozidi faranga 3,000,000. Haikugusa uchakavu wa betri. Haikugusa betri ndogo ya volti 12, wala matairi, wala uharibifu wa maji. Na katika ukurasa wa tatu kulikuwa na mstari uliotufanya mimi na ami tutazamane: garanti haihusu gari linalobeba abiria kwa malipo.

Ami angelipa milioni moja na laki nne kwa karatasi ambayo isingemfaa hata siku ya kwanza. Na jibu langu la njiani, ingawa liliangukia mahali sahihi, lisingemfundisha chochote. Kesho yake angeweza kuikataa garanti ya halali ya muuzaji mwingine kwa maneno yale yale.

Tulirudi Jumatatu. Ami ni mtu mpole, lakini alisema kwa utulivu kwamba kwa kasoro ya tundu la chaji ana haki ya kuliacha gari. Muuzaji ana gereji yake na fundi wake. Wakakubaliana hivi: tundu litengenezwe kabla ya kukabidhiana, na muuzaji mwenyewe ajifunge, ndani ya mkataba mmoja wa mauzo, kutengeneza mota, inveta, chaja na betri kwa miezi kumi na minane, kazi na vipuri juu yake, gari likijulikana kuwa ni teksi. Betri ikishuka chini ya asilimia 75 katika muda huo, atabadilisha seli zilizochoka. Bei ikapanda kuwa 18,100,000. Niliwaomba waandike asilimia 88 na tarehe ya kipimo, na wote wawili wakasaini pembeni yake.

Zile faranga 800,000 zilizobaki kwenye bajeti yake ami hakuzitumia. Yeye na madereva sita wa magari ya umeme wanaosali pamoja Biryogo wanataka kufungua ikimina ya matengenezo: kila mmoja atoe kila mwezi kwa nia ya tabarui, na atakayeharibikiwa asaidiwe. Swali walilolileta ni nani atakayemiliki kitakachobaki mwisho wa mwaka bila mtu kuharibikiwa, na je, anayejitoa anarudishiwa alichochangia? Ustadhi amesema atalijibu katika darsa ya Ijumaa ya pili ya mwezi ujao, na ami ameahidi kuja nao wote sita.