Kuosha Raleigh ya zamani bila kufuta maandishi yake

Kwenye baiskeli ya Raleigh ya miaka ya 1950 au 1960, rimu ikiliwa na kutu inabadilishwa, na kiti cha ngozi kinatengenezwa upya. Maandishi ya kwenye fremu yakifutika, basi tena. Ndiyo maana nashikilia kwamba usafi wa baiskeli kama hiyo upangwe kwa kuyaangalia maandishi kwanza, si kutu wala cheni. Dawa inayoweza kuyadhuru isiguse fremu, hata kama inang'arisha kila kitu kingine.

Mafundi wengi watasema petroli imesafisha baiskeli tangu enzi za wazee na rangi nyeusi haijawahi kutoka. Ni kweli haitoki, kwa sababu kiwandani Nottingham rangi ile ilikaushwa kwa moto wa tanuri mpaka ikawa ngumu. Lakini maandishi yalikuja baadaye: utando mwembamba wa rangi, mara nyingi ya dhahabu, uliohamishwa kutoka kwenye karatasi na kubandikwa juu. Uimara wa rangi ya chini hausemi lolote kuhusu utando huo. Petroli inaweza kuulainisha, thina ndiyo kabisa, na dawa ya kung'arisha shaba inayonuka amonia hushambulia unga wa madini unaoipa dhahabu ile mng'ao. Hata maji yana hatari yake, kwani stika za aina fulani zilishikizwa kwa gundi inayoyeyuka majini. Kwa hiyo mashine ya kuoshea magari tuiachie magari.

Mimi naona njia salama ni kuanza na kilicho dhaifu kuliko vyote na kupanda polepole. Vumbi liondolewe kwa brashi laini, kisha kitambaa cha pamba kilichokamuliwa vizuri, chenye maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo. Grisi iliyoganda kwenye bomba tupu itakubali mafuta ya taa kidogo, mradi uishie mbali na herufi. Kwenye herufi zenyewe tumia pamba ya masikioni, na uanzie kwenye pembe isiyoonekana sana. Usisugue, izungushe tu, halafu itazame. Ikitoka na weusi au kijivu, hiyo ni taka. Ikiwa na manjano ya asali, simama, maana huenda ni vanishi ya zamani inayotoka, na hiyo ndiyo ngao ya mwisho. Hapa ndipo watu wengi huponzwa: vanishi iliyozeeka inafanana na uchafu, nao wanafurahi kuona kitambaa kikichafuka. Herufi iliyopasuka au iliyoinua kingo isiguswe na chochote chenye unyevu.

Wapo watakaouliza taabu yote ya nini, wakati stika mpya za kuiga zinauzwa. Zinauzwa, na nyingine ni nzuri sana. Ila maandishi ya asili ni ushahidi. Kwenye habu nyingi za magurudumu za kampuni ya Sturmey-Archer za wakati ule zimegongwa tarakimu mbili za mwaka. Ukizilinganisha na mtindo wa maandishi, unaweza kukisia kama gurudumu na fremu vilitoka kiwandani pamoja. Stika mpya inakuonyesha tu alichochagua aliyeibandika.

Hoja ya kupaka vanishi mpya juu ya yote ina uzito zaidi, kwa kuwa herufi zinazobanduka zinahitaji kinga. Hata hivyo vanishi nyingi zina kiyeyushi kilekile tulichokikwepa, na zikishakauka hakuna njia rahisi ya kurudi nyuma. Nta isiyo na chembe za kukwaruza, ikipakwa kidogo kwa kidole mahali palipo imara, inazuia unyevu na inaweza kuondolewa baadaye. Kutu iliyo pembeni ya herufi iguse kwa mafuta mepesi kwenye ncha ya kijiti, uiache na wekundu wake. Msasa usisogee hapo. Na kufuli ya mnyororo isizungushiwe kwenye bomba lenye jina.