SOMO: Tujifunze Kuchora kwa Kunakili



Wengi wetu tumeona picha ya Bikira Maria akimpakata Mtoto Yesu. Picha kama hizo zilichorwa na mafundi wa zamani wa Ulaya, kama Raphael wa Italia, aliyefariki mwaka 1520. Tukinakili kazi yao kwa rangi ya mafuta, mkono wetu unajifunza. Tufanye hivi:

1. Tuchukue picha ya kalenda, siyo ya kanisa! Tuigawe kwa miraba. Kwenye ubao tupige miraba mikubwa, idadi ile ile. Tuchore mraba mmoja mmoja kwa penseli.

2. Rangi ya kwanza tuizimue kwa tapentaini. Tukae mbali na moto, maana tapentaini inawaka upesi.

3. Ikikauka, tupake ya pili yenye mafuta zaidi. Tukigeuza mpango huu, picha itapasuka.

4. Chini tuandike: "Nakala". Kuuza nakala kama kazi yako ni udanganyifu.

Je, tuishie hapo? Hapana. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alipinga kabisa kunakili. Katika miaka ya 1950 alichora habari za Yesu katika kanisa la Murang'a, Kenya. Watu wake ni Waafrika, na nchi ni ya huko huko.

Sisi tunasema: nakala ni shule, na shule ina kuhitimu. Picha ya pili iwe ya mama wa hapa kwetu, mtoto mgongoni, migomba nyuma yake.

Maswali
1. Kwa nini tunapiga miraba?
2. Wewe utamchora nani?