Kura 44 Zisizo na Muhuri

Kusini mwa jiji la London, katika nchi ya Uingereza, pana mji uitwao Croydon. Mwezi wa Aprili mwaka 1973, watu wa sehemu ya kaskazini mashariki ya Croydon walikwenda kumchagua mtu wa kuwasemea katika Baraza Kuu la London. Baraza hilo halipo tena, maana lilivunjwa mwaka 1986. Lakini wakati ule lilikuwa na amri juu ya mambo mengi ya jiji, kama vile barabara kuu na nyumba za kupangisha.

Waliopiga kura walikuwa 23,691. Kura zilipokwisha kuhesabiwa, mshindi alionekana kumzidi mpinzani wake kwa kura 11 tu. Mwanafunzi na ahesabu: kama watu 6 katika wale waliompa mshindi kura zao wangalimpa mpinzani wake, ushindi ungalihamia upande wa pili. Lakini jambo lililoleta mashaka makubwa zaidi lilikuwa hili: palikuwa na karatasi 44 zilizopigwa kura lakini hazikuhesabiwa, kwa kuwa hazikuwa na muhuri.

Ni vema kueleza habari za muhuri huo. Tangu mwaka 1872 Waingereza hupiga kura kwa siri. Hakuna aandikaye jina lake katika karatasi. Basi, itajulikanaje kwamba karatasi iliyomo katika sanduku imetolewa kituoni, wala haikuletwa na mtu mwerevu mfukoni mwake? Kwa ajili hiyo, zamani zile karani aliipiga kila karatasi muhuri mbele ya macho ya mpiga kura, ndipo akampa. Karatasi isiyo na muhuri ilikuwa haina thamani. Sheria ilikataza kuihesabu. Yafaa kukiri kwamba sheria hiyo ilikuwa ya busara.

Lakini siku ile makarani wengine walisahau. Labda watu walikuwa wengi mlangoni, au karani alikuwa akitazama daftari la majina. Jinsi yoyote, mkono haukufika kwenye muhuri. Mpiga kura hakufanya kosa lo lote. Alikwenda kituoni kwa miguu yake, akatia alama yake, akatumbukiza karatasi sandukuni, akarudi nyumbani akidhani amekwisha kuchagua, kumbe kura yake imekuwa si kitu.

Karatasi zilizokataliwa hazichomwi moto siku ile ile. Huwekwa, ili zitazamwe pakitokea ugomvi. Hizi 44 zilipotazamwa, ilionekana kwamba kama zingalihesabiwa, mpinzani ndiye angalishinda, tena kwa kura 7.

Sheria ya Uingereza yampa mwenye malalamiko siku 21 za kupeleka shauri mbele ya mahakama. Tena si yule aliyeshindwa peke yake awezaye kushitaki. Hata wapiga kura wanne wakiungana waweza. Shauri hili likapelekwa, na katika vitabu vya sheria laitwa Morgan dhidi ya Simpson. Mahakama ya kwanza ililikataa. Ilisema kwamba karatasi 44 katika 23,691 ni chache mno, hazifiki 2 katika kila elfu, na kwamba uchaguzi kwa jumla ulikwenda kama sheria itakavyo.

Walalamikaji hawakuridhika, wakakata rufani. Sasa ugomvi wote uliangukia katika fungu moja la sheria ya mwaka 1949, na katika fungu hilo, katika neno moja dogo, neno "na". Maana ya fungu lile ilikuwa kama hivi: uchaguzi hautabatilishwa kwa kosa la wasimamizi, ikiwa ulifanywa kwa jumla kwa kufuata sheria, na ikiwa kosa lile halikubadili matokeo.

Tufanye mfano. Baba amwambia mwanawe, "Hutaadhibiwa jioni, ikiwa umewachunga mbuzi vema na hakuna hata mmoja aliyepotea." Mtoto awachunga vema mchana kutwa, lakini jioni mbuzi mmoja hayupo. Je, aweza kusema, "Baba, nilichunga vema, basi niache"? Hawezi. Ahadi ya baba ilikuwa na masharti mawili, naye ametimiza moja tu.

Ndivyo alivyosoma Lord Denning, jaji aliyeiongoza Mahakama ya Rufani wakati ule, pamoja na majaji wenzake wawili, mwaka 1974. Kwa mfano wa uchaguzi ulioharibika wenyewe, alitaja ule wa Hackney wa mwaka 1874, ambapo vituo 2 katika 19 havikufunguliwa siku nzima. Uchaguzi kama huo hubatilika hata bila kuuliza nani angalishinda. Alitaja pia ule wa Islington wa mwaka 1901: karatasi 14 zilitolewa baada ya saa ya kufunga, lakini mshindi alikuwa amezidi kwa kura nyingi kuliko hizo 14, basi uchaguzi ukasimama. Croydon haikuwa kama Hackney wala kama Islington. Kosa lilikuwa dogo, lakini lilimtoa mmoja na kumwingiza mwingine.

Neno hilo dogo limewashughulisha majaji wa Afrika Mashariki pia. Katika sheria ya Kenya, mahali pa "na" palikuwa na "au". Mahakama ya Juu ya Kenya, ilipobatilisha uchaguzi wa rais uliofanywa tarehe 8 Agosti 2017, iliitazama hukumu ya Croydon na kupima tofauti ya maneno hayo mawili.

Turudi London. Majaji wa rufani waliubatilisha uchaguzi wa Croydon. Hapo mwanafunzi aweza kuuliza: kwa nini hawakumpa kiti yule ambaye angalishinda kwa kura 7? Jibu ni kwamba hawakuwa na ruhusa. Sheria ilisema kwamba karatasi isiyo na muhuri isihesabiwe, nayo ilimfunga jaji kama ilivyomfunga karani. Karatasi zile 44 zilitosha kuonyesha kwamba ushindi wa kura 11 haukuwa thabiti, lakini hazikuweza kumweka mtu mwingine katika kiti. Basi kiti kikawa wazi, na neno likarudi kwa wapiga kura wenyewe.