Diwani na Hesabu ya Fedha za Watu

Twawauliza ninyi wa Salale mngojeao maji yajae ili mitumbwi ipite: ushuru mliotoa wafanya kazi gani? Wengine hudhani kwamba tangu kodi ya kichwa iondolewe mwaka 2003 hawana haki ya kuuliza. Sivyo. Diwani huketi katika Halmashauri ya Wilaya ya Kibiti kwa niaba yenu, wala si kwa nafsi yake. Na Sheria Na. 7 ya 1982 yaufanya mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake, kuwa mamlaka ya juu kijijini. Twajua safari ya mtoni ina taabu. Basi ombeni siku itangazwe mapema, tena isiwe wakati wa maji kupwa, naye diwani aalikwe. Hesabu isomwe kutoka katika karatasi, si kwa kichwa.