Kabla ya Kuwasha Pikipiki: Mafunzo Kutoka Uwanja wa Mbio



Katika familia nyingi za parokia zetu pikipiki imekuwa kama mmoja wa watu wa nyumbani. Humpeleka mama kliniki, humfikisha katekista katika kigango cha mbali, huleta gunia la mahindi kutoka shambani, na kwa vijana wengi ndiyo kazi inayowalisha. Lakini pikipiki hiyo hiyo imewalaza wengi katika wodi za mifupa za hospitali zetu. Ni nani kati yetu asiyemjua kijana anayetembea kwa magongo, au mjane aliyeachwa na watoto wadogo, kwa sababu ya safari iliyoanza kama safari nyingine zote?

Mwezi huu tunajifunza namna ya kujiandaa sisi wenyewe na kuandaa pikipiki kabla ya kuiwasha. Tutajifunza kwa watu ambao pengine hukuwatazamia, yaani wale wanaoingia na pikipiki zao katika uwanja wa mbio.

Huko Uingereza, katika viwanja kama Brands Hatch na Donington Park, kuna siku ambazo mtu wa kawaida hulipa ada, akaingia na pikipiki yake mwenyewe katika njia ya mbio. Hayo si mashindano, wala hakuna zawadi. Mtu huenda kuonja mwendo na kujifunza kuendesha vizuri. Njia ni laini, wote huenda upande mmoja, hakuna ng'ombe wala mtoto anayekatiza, na wahudumu wa afya wako tayari na gari la wagonjwa. Hata hivyo mtu huyo huanza kujiandaa siku kadhaa kabla, na pikipiki yake hukaguliwa. Sasa tujiulize: ikiwa yeye anajiandaa hivyo kwa njia iliyo salama kiasi hicho, je, sisi tunaopita kwenye mashimo, vumbi, mbuzi na malori tujiandae namna gani?

1. Kofia ngumu ilitoka kwa daktari

Watu wengi hufikiri kofia ngumu ililetwa na polisi kwa ajili ya kutoza faini. Sivyo. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, daktari mmoja Mwingereza, Eric Gardner, alihudumu katika uwanja wa mbio wa Brooklands. Aliona kwamba waendesha pikipiki walikuwa wakiletwa kwake mara kwa mara wakiwa wameumia kichwa. Hakuridhika na kazi ya kuwashona tu. Alitengenezesha kofia ya turubai iliyopakwa shelaki mpaka ikakakamaa. Mwanzoni viongozi wa mchezo huo walikataa wazo lake, lakini mwaka 1914 kofia hiyo ilifanywa kuwa lazima katika mashindano ya pikipiki ya kisiwa cha Man.

Barabarani watu walichelewa zaidi kuelewa. Mwaka 1935 T. E. Lawrence, askari na mwandishi mashuhuri wa Uingereza, alianguka na pikipiki yake alipokuwa akiwakwepa vijana wawili waliokuwa juu ya baiskeli. Hakuwa na kofia. Alikufa baada ya siku 6. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo, alianza kuchunguza majeraha ya kichwa ya waendesha pikipiki. Mwaka 1941 alitangaza matokeo yake, na mwaka huo huo jeshi la Uingereza liliwalazimisha askari wake wapeleka barua kwa pikipiki kuvaa kofia.

Kofia inafanya kazi gani? Ubongo ni laini, nao umo ndani ya fuvu gumu. Kichwa kinapogonga lami, fuvu husimama ghafula, lakini ubongo huendelea mbele ukajigonga ndani. Povu gumu lililo ndani ya kofia hubonyea na hivyo kupunguza nguvu ya pigo hilo. Uchunguzi uliokusanya matokeo kutoka nchi mbalimbali umeonyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69.

Lakini kofia iliyotundikwa kwenye usukani, au iliyovaliwa bila kufungwa mkanda, haisaidii kitu. Jaribu hivi: vaa kofia, funga mkanda chini ya kidevu mpaka vidole viwili tu vipite, kisha mwombe mwenzako aisukume kutoka nyuma kwenda mbele. Ikivuka kichwa, si saizi yako. Na kofia iliyokwisha kugonga chini katika ajali isitumike tena, hata kama kwa nje inaonekana nzima, maana povu lililokwisha kubonyea halirudi.

2. Kuandaa mwili

Anayekwenda katika uwanja wa mbio hushauriwa alale vizuri usiku uliotangulia, ale chakula chepesi na anywe maji mara kwa mara. Hupanda kwa muda mfupi, dakika 15 au 20, halafu hushuka akapumzika. Akihisi uchovu, huacha, ingawa amelipia siku nzima. Sisi nasi tuangalie mambo haya:

*Usingizi.* Mtu mwenye usingizi huona hatari akiwa amechelewa. Nyimbo na upepo wa usoni haviondoi usingizi. Dawa yake ni kulala. Ukijiona unapiga miayo, au hukumbuki kilomita ulizopita, simama mahali salama ulale hata dakika 20.

*Pombe.* Ini huondoa pombe polepole, na haliwezi kuharakishwa kwa kahawa, supu wala maji ya baridi. Chupa moja ya bia ya nusu lita huhitaji karibu saa mbili na nusu. Kwa hiyo aliyekunywa chupa 5 jioni, anaweza kuamka saa 12 asubuhi akiwa bado na pombe mwilini, ingawa yeye mwenyewe anajiona mzima.

*Maji.* Upepo hukausha jasho, kwa hiyo mwendeshaji hajui kwamba amepoteza maji mengi. Kichwa huanza kuuma, umakini ukapungua, misuli ikakaza. Chukua chupa ya maji, unywe kila unaposimama.

*Dawa na maradhi.* Dawa nyingine za mafua na mzio huleta usingizi. Muulize mhudumu wa afya kabla ya kupanda. Mwenye kifafa asiendeshe bila ushauri wa daktari, na mwenye kisukari asiondoke na njaa. Macho nayo yapimwe: asiyeona vizuri jioni asisafiri usiku.

*Moyo.* Aliyetoka kugombana nyumbani, au anayekimbizana na saa, yuko nusu barabarani. Afadhali kuchelewa ibada kuliko kufanyiwa ibada.

3. Mavazi

Katika uwanja wa mbio mwendeshaji haruhusiwi kuingia bila nguo za ngozi, glavu, buti na kofia inayofunika uso wote. Anayeanguka huteleza, na lami huchuna ngozi ya mtu kama mbuzi ya kukunia nazi. Ni wachache kati yetu wanaoweza kununua mavazi hayo, lakini kila mmoja anaweza kuvaa suruali nzito, koti la mikono mirefu, na viatu vya kufunika vifundo vya miguu. Ndala huvuka mguuni na kuacha vidole vitupu. Mkono ndio unaotangulia chini tunapoanguka, kwa hiyo hata glavu za kazi ni bora kuliko kiganja kitupu. Kanga na mitandio ya akina mama ifungwe vizuri isifikie cheni wala spoki. Jioni vaa kitu cheupe au kinachong'aa.

4. Kuandaa pikipiki

Wakaguzi wa uwanjani hawasikilizi maelezo ya mwenye pikipiki. Hushika na kutazama. Tufanye vivyo hivyo kila asubuhi. Kazi hii haichukui zaidi ya dakika 10.

*Tairi.* Zitazame pande zote. Kama meno yamekwisha, au kuna mpasuko au msumari, usiondoke. Pima upepo tairi likiwa bado la baridi, kwa kufuata kitabu cha pikipiki. Gonga spoki moja moja. Iliyolegea hutoa mlio tofauti na wenzake.

*Breki.* Bana breki ya mbele na kuisukuma pikipiki, kisha ya nyuma. Kila moja peke yake izuie gurudumu. Kama mkono wa breki unafika karibu na usukani, peleka kwa fundi. Wengi huiogopa breki ya mbele, lakini ndiyo yenye nguvu zaidi katika kusimamisha. Ibane kidogo kidogo bila kuishtua, hasa kwenye changarawe na matope.

*Cheni.* Ishike katikati, uipandishe na kuishusha. Kwa pikipiki nyingi ndogo icheze kadiri ya sentimita 2 hadi 3. Iliyolegea sana inaweza kuvuka na kulifunga gurudumu la nyuma. Isafishwe na kupakwa mafuta.

*Akseleta.* Izungushe na kuiachia. Lazima irudi yenyewe, hata usukani ukiwa umekatwa kushoto au kulia.

*Mengineyo.* Kagua oili, nati za magurudumu, taa ya mbele na ya nyuma, indiketa, honi na vioo vya pembeni. Hapa tunatofautiana na watu wa uwanjani. Wao hung'oa au kufunika vioo, kwa sababu huko hakuna anayetakiwa kutazama nyuma. Sisi wenye malori nyuma yetu tunavihitaji.

*Mzigo.* Pikipiki imetengenezwa kwa dereva na abiria mmoja. Watatu au wanne wakipanda, breki hushindwa na usukani huwa mwepesi. Mtoto ambaye miguu yake haijafika kwenye vikanyagio asipandishwe, wala asikalishwe juu ya tangi.

5. Mwendo

Uwanjani mizunguko ya kwanza ni ya polepole, ili tairi zipate joto na mwendeshaji aizoee njia. Tena kila mtu hupangwa katika kundi la wenye uwezo kama wake, ili mgeni asimfuate bingwa. Sisi nasi tusikubali kuvutwa na mwendo wa mwingine.

Tufanye hesabu kidogo. Mwenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 kila sekunde. Kwa kilomita 60 hupita karibu mita 17, na kwa kilomita 80 karibu mita 22. Ukimwona mtoto anakatiza, sekunde moja hupita kabla mkono haujabana breki. Kwa hiyo kwa mwendo wa kilomita 60 utakuwa umekula mita 17 kabla breki haijaanza kazi. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya pigo huongezeka mara nne. Ndiyo maana maandalizi yote hufanyika kabla. Ukiwa barabarani hakuna nafasi ya kukaza cheni wala kufunga mkanda.

6. Ajali ikitokea

Kwanza zuia magari yasije kuwagonga walioanguka, na utume mtu kuomba msaada. Usimvute majeruhi kwa mikono wala kumkalisha, maana shingo au mgongo unaweza kuwa umevunjika. Usimvue kofia kama anapumua vizuri. Kama hapumui, wavue watu wawili: mmoja ashikilie shingo na taya bila kuvitikisa, mwingine aivute kofia taratibu. Damu inayotoka kwa wingi ibanwe kwa kitambaa safi, kwa nguvu na bila kuachia. Usimpe chakula wala kinywaji, kwa sababu huenda akahitaji upasuaji.

Jihadharini sana na yule anayeinuka, akajipangusa vumbi na kusema, "Mimi mzima." Kama aligonga kichwa, asiachwe peke yake kwa siku nzima. Akitapika, kichwa kikizidi kuuma, akiwa na usingizi usio wa kawaida, akiongea ovyo, au maji na damu vikitoka puani au masikioni, apelekwe hospitali mara moja, hata usiku. Damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu.

Watoto nao huungua miguu kwa ekzosi. Mwagia mahali hapo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala yai.

Kwa kumalizia

Daktari Gardner angeweza kubaki katika chumba chake akiwangoja majeruhi. Alichagua kuwafikia kabla hawajaanguka. Ndiyo kazi ya kila familia yenye pikipiki. Baba anapoondoka alfajiri, mtoto mmoja amletee kofia, mwingine ashike tochi wakati wa kukagua tairi, na mama aulize kama alilala vizuri. Hayo ni mambo madogo, wala hayagharimu shilingi. Lakini kitanda cha hospitali kwa miezi mitatu hugharimu ng'ombe, shamba na karo ya shule.

*Maswali ya kujadili nyumbani au katika jumuiya*

1. Katika jumuiya yetu, ni nani waliowahi kuumia kwa pikipiki? Ni maandalizi gani yangeweza kuwasaidia?
2. Je, pikipiki ya nyumbani kwetu ina kofia ya abiria? Kama haina, tutaipataje?
3. Kesho asubuhi kagueni pikipiki pamoja kwa kufuata sehemu ya 4. Mmekuta nini?
4. Tunawezaje kuwasaidia vijana wetu wa bodaboda wapate nafasi ya kupumzika na kulala?