Kusogea Katika Maandishi kwa Kibodi: Somo kwa Wanaoanza

Mkazi wa Nakuru anayeandika barua ya kuomba basari au kazi kwenye kompyuta ya saiba hulipia muda. Akihangaika na kipanya kutafuta neno moja la kusahihisha, pesa zinaisha. Vitufe vichache vya kibodi humfikisha haraka.

Fungua Notepad, programu ndogo ya kuandikia iliyomo kwenye kompyuta za Windows. Andika: Mimi ni mkazi wa Nakuri. Neno la mwisho limekosewa. Lirekebishe bila kugusa kipanya:

1. Bonyeza Home. Kielekezi, kile kijistari kinachometa, kitarudi mwanzo wa mstari. Kitufe cha End hukipeleka mwisho.
2. Shikilia Ctrl, kisha bonyeza mshale wa kulia mara 4. Kila mara kielekezi huruka neno moja, hadi mbele ya "Nakuri".
3. Achilia Ctrl. Bonyeza mshale wa kulia mara 5. Sasa husogea herufi moja moja.
4. Bonyeza Delete kufuta "i", kisha andika "u".
5. Hifadhi kwa Ctrl na S. Ukikosea, Ctrl na Z hurudisha yaliyokuwapo.

Kwa asiyeona, vitufe hivi ndivyo njia yenyewe: programu ya NVDA, isiyolipiwa, humsomea kwa sauti mahali kielekezi kilipo.

Kabla ya kuchapisha, bonyeza Ctrl na Home ili urudi mwanzo wa barua, usome yote. Tarakimu moja ya kitambulisho ikikosewa, ombi zima linaweza kukwama.