SOMO: VIUNGO VILIVYOGANDA KWA BARIDI

Kikwe hakuna barafu. Lakini mwanachama achukuaye mizigo ya wageni katika Kilimanjaro, mita 5,895, huikuta. Dalili ni hizi: vidole, pua au masikio hufa ganzi, ngozi hupauka na kukakamaa kama nta. Maumivu yakikoma ghafla, hiyo si nafuu bali ni hatari.

Mgonjwa avishwe nguo kavu na ashushwe mlimani. Kiungo kisisuguliwe wala kisiotwe moto, kwani chenye ganzi huungua bila mwenyewe kujua. Pasipo hatari ya kuganda tena, kitiwe katika maji vuguvugu, nyuzi 37 hadi 39. Malengelenge yasipasuliwe. Kisha apelekwe hospitali upesi. Kuchelewa huweza kumpotezea vidole.

Makatibu walisome somo hili mkutanoni.